Maji, Chumvi na Sukari: Jinsi Vitu Vinavyoingia na Kutoka katika Seli za Mwili

Katika nyumba nyingi, za mashamba na za mijini, mtoto mchanga akishikwa na ugonjwa wa kuhara husikika mara moja shauri hili kutoka kwa wazee: "Msimpe maji, yatamzidishia." Shauri hilo latolewa kwa mapenzi, wala halikosi sababu machoni pa mtu, kwa maana aonaye maji yakitoka kwa wingi hudhani ya kuwa dawa ni kuyazuia yasiingie. Hata hivyo limewaua watoto wasiohesabika. Mtoto aharaye hafi kwa sababu ya kile kinachotoka peke yake. Hufa kwa sababu kilichotoka hakikurudishwa. Na jambo la ajabu ni hili: akipewa maji matupu hayamfai vya kutosha, akipewa soda tamu aweza kuzidiwa, lakini akipewa maji yale yale yaliyotiwa chumvi kidogo na sukari kidogo kwa kipimo, mara nyingi hupona. Mwenye kutaka kufahamu sababu yake hana budi kuanza mbali kidogo na kitanda cha mgonjwa.

Tone la wino

Chukua bilauri ya maji safi, uiweke mezani mpaka maji yatulie kabisa, kisha utie tone moja la wino polepole bila kukoroga. Hapo kwanza wino hukaa pamoja kama wingu dogo. Baadaye wingu hilo hupanuka, kingo zake hufifia, na ukirudi siku ya pili utaona maji yote yamekuwa na rangi moja, juu na chini. Hakuna aliyekoroga. Waalimu wengine hupenda kutoa mfano wa harufu ya vitunguu vikaangwavyo, ambayo hufika mpaka kwa jirani. Mfano huo si mbaya, ila upepo husaidia sana kuichukua harufu, kwa hiyo mfano wa wino ni bora zaidi.

Sababu yake ni kwamba kila kitu kimefanywa kwa vipande vidogo mno viitwavyo molekuli, navyo havitulii hata dakika moja. Mwaka 1827 bwana mmoja Mskoti, Robert Brown, aliyekuwa mjuzi wa mimea, alitazama kwa darubini vijipande vilivyotoka katika chavua ya maua, vikielea majini. Akaona vikitikisika daima, huku na huku, wala hakuna kilichovisukuma ambacho jicho liliweza kukiona. Mwaka 1905 Albert Einstein alieleza kwa hesabu ya kuwa molekuli za maji zenyewe ndizo zilizokuwa zikivigonga kutoka kila upande.

Basi fikiri uwanja mkubwa wa soko, na watu mia tano wamesimama wote upande mmoja, kila mmoja amefungwa kitambaa machoni. Wakiambiwa watembee ovyo, kila mmoja apendavyo, na kugeuka kila wapambanapo, baada ya muda utawakuta wameenea uwanja mzima. Hakuna aliyekusudia kwenda ng'ambo. Ila kwa kuwa wengi walikuwa upande huu na wachache upande ule, wavukao kutoka huku hawana budi kuwa wengi kuliko wavukao kutoka kule. Na hata baada ya kuenea sawasawa hawasimami. Huendelea kutembea, lakini idadi ya waendao huwa sawa na idadi ya warudio. Hivyo ndivyo molekuli zifanyavyo. Jambo hili laitwa usambaaji, yaani kitu kusafiri chenyewe kutoka mahali kilipo kingi kwenda mahali kilipo kichache. Mwaka 1855 Adolf Fick, tabibu wa Kijerumani, aliandika kanuni yake: kadiri tofauti ya wingi baina ya pande mbili ilivyo kubwa, ndivyo usambaaji unavyokwenda kwa haraka.

Mwendo wa karibu na mwendo wa mbali

Usambaaji ni mjumbe hodari kwa safari fupi, na mjumbe mvivu kabisa kwa safari ndefu. Oksijeni, ile hewa tuivutayo ili tuishi, hupita katika maji yenye unene wa sehemu moja ya mia ya milimita kwa muda usiofika hata sehemu ya kumi ya sekunde. Lakini kupita milimita 1 yahitaji kama dakika 4. Sentimita 1, kama saa 7. Na mita 1 yahitaji kama miaka 8. Njia ikizidishwa mara kumi, muda huzidi mara mia.

Hesabu hiyo yaeleza mambo mengi ya umbo la viumbe. Mwili wa mtu, wa ng'ombe, wa mhindi shambani, wote umejengwa kwa vyumba vidogo vya uhai viitwavyo seli. Seli nyingi za mwili wa binadamu hazifiki upana wa sehemu moja ya kumi ya milimita, na seli nyekundu ya damu ina upana wa kama sehemu 7 au 8 tu za elfu za milimita. Zingekuwa kubwa kama maembe, sehemu zake za katikati zingekufa kwa kukosa hewa kabla mjumbe hajafika. Na kwa kuwa mwili mzima ni mkubwa, damu hufanya kazi ya safari ndefu kama garimoshi, kisha usambaaji humaliza safari fupi kutoka stesheni mpaka mlangoni. Ndiyo maana mishipa ya damu hugawanyika na kugawanyika hata kuwa vijishipa vyembamba kuliko unywele, vikapita karibu na kila seli. Mdenmark mmoja, August Krogh, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1920 kwa kazi yake juu ya vijishipa hivyo.

Katika mapafu hali ni hiyo hiyo. Oksijeni ni nyingi katika vifuko vidogo vya hewa na ni kidogo katika damu ifikayo pale, basi huingia katika damu. Hewa ya kaboni ni nyingi katika damu na ni kidogo katika vifuko, basi hutoka. Hakuna pampu ivutayo oksijeni kuingia katika damu. Kifua hufanya kazi ya kubadili hewa tu, na usambaaji hufanya yaliyobaki.

Utando na milango yake

Seli si tone la maji wazi. Imezungukwa na utando wa mafuta wa tabaka mbili, mwembamba mno: tando kama elfu kumi zikipangwa moja juu ya nyingine zingepata unene wa unywele mmoja wa mtu. Mafuta na maji havipatani, kama ajuavyo kila mpishi, na kwa hiyo utando huo huchagua. Oksijeni na hewa ya kaboni hupita bila shida. Pombe hupita pia, na hiyo ni sababu mojawapo ya kuwa humpanda mnywaji haraka. Lakini chumvi na sukari, ambazo hupenda maji na kuyachukia mafuta, hazipiti katika utando mtupu ila kwa nadra sana. Hizo huhitaji milango, na milango hiyo imefanywa kwa protini, kila mlango kwa mgeni wake. Hata maji yana milango yake maalum. Yaligunduliwa na tabibu wa Kimarekani, Peter Agre, ambaye kwa ajili ya kazi hiyo alishiriki Tuzo ya Nobel ya kemia ya mwaka 2003.

Basi itakuwaje maji yakiweza kupita katika utando, lakini chumvi isiweze? Hapa pana jambo ambalo kila mama alijua jikoni kabla ya wataalamu kulipa jina. Kata nyanya na vitunguu vya kachumbari, unyunyize chumvi, uache kwa muda wa robo saa. Chini ya bakuli patakuwa na maji, na vitunguu vitakuwa vimelegea. Maji hayo hayakutoka hewani. Yametoka ndani ya seli za vitunguu, kwa sababu nje pamekuwa na chumvi nyingi na maji machache kwa kadiri, na ndani pana maji mengi zaidi. Basi maji yalisambaa kutoka mahali yalipo mengi kwenda mahali yalipo machache, na chumvi haikuweza kuingia upesi ili kusawazisha. Usambaaji huu wa maji katika utando wa kuchagua huitwa osmosisi. Mfaransa mmoja, kasisi Jean-Antoine Nollet, aliuona mwaka 1748 alipofunika chombo cha pombe kwa kibofu cha nguruwe na kukizamisha majini: kibofu kilivimba kwa maji yaliyoingia.

Msomaji aweza kufanya jaribio lake mwenyewe kwa kiazi kimoja. Kata vipande viwili vya urefu sawa. Kimoja kitie katika maji matupu, kingine katika maji yaliyokolezwa chumvi, uache kwa saa chache. Kile cha kwanza kitakuwa kigumu na kizito zaidi. Cha pili kitakuwa kilaini, hata chaweza kupindwa kidoleni bila kuvunjika.

Wavuvi wa pwani huitumia nguvu hiyo hiyo wanapofanya samaki wa ng'onda. Chumvi huvuta maji kutoka katika nyama ya samaki, na vilevile kutoka katika vijidudu viozeshavyo, navyo hushindwa kufanya kazi yao. Mkulima naye huipata kwa hasara akirundika mbolea ya chumvichumvi karibu mno na shina la mche, hasa ardhi ikiwa kavu: maji ya udongo huwa na chumvi nyingi kuliko utomvu wa mizizi, mizizi hushindwa kunywa, na majani hukauka kingo kana kwamba yameunguzwa na moto. Na mvuvi aliyepotea baharini akinywa maji ya bahari, yenye chumvi ya kama gramu 35 katika kila lita, huzidi kukauka, kwa maana figo za mtu haziwezi kutoa mkojo wenye chumvi nyingi kiasi hicho, nazo hulazimika kutumia maji ya mwili kuitoa.

Damu yahitaji kipimo kisichopotoka. Maji ya chumvi yalinganayo na damu ni yale yenye gramu 9 za chumvi katika lita moja. Seli nyekundu zikitiwa katika maji matupu huvimba na kupasuka. Zikitiwa katika maji ya chumvi nyingi hunyauka. Kwa sababu hiyo chupa ya maji inayotundikwa juu ya kitanda cha hospitali na kuingizwa katika mshipa haiwi kamwe na maji matupu.

Utumbo

Sasa twende kwenye utumbo, ambako ndiko mtoto wa kuhara hupotezea uhai wake au huupata tena.

Watu wengi hudhani ya kuwa maji yapitayo katika utumbo ni yale tu yaliyonywewa. Sivyo. Mtu mzima hunywa na kula kama lita 2 za maji kwa siku, lakini mate, majimaji ya tumbo, nyongo na utomvu wa viungo vingine huongeza kama lita 7 zaidi. Hivyo lita kama 9 huingia katika utumbo kila siku, na katika choo cha mtu mwenye afya haitoki hata robo lita. Zote zilizobaki hurudishwa mwilini. Ikiwa kurudisha huko kwapungua, au kumimina kwazidi, mtu huhara. Na ni rahisi kuona jinsi mtoto wa kilo 8 awezavyo kumaliza akiba yake ya maji kwa muda wa siku moja.

Maji hurudishwaje? Hayavutwi na pampu yoyote. Maji hufuata chumvi, kama yalivyofanya katika kachumbari. Basi mwili huvusha chumvi kwanza, na maji hufuata kwa osmosisi. Sehemu ya chumvi iliyo muhimu hapa ni sodiamu. Katika seli za ukuta wa utumbo, upande ule ulio karibu na damu, mna pampu ambayo hufanya kazi usiku na mchana, nayo hula nguvu itokanayo na chakula: kila mara hutoa sodiamu 3 nje na kuingiza potasiamu 2 ndani. Pampu hii iligunduliwa na Mdenmark Jens Skou mwaka 1957, naye alishiriki Tuzo ya Nobel miaka 40 baadaye. Kwa sababu yake, ndani ya seli sodiamu huwa kidogo daima, na ile iliyomo ndani ya utumbo yatamani kuingia, kama maji yaliyozuiwa na boma yatamanivyo kushuka.

Lakini sodiamu haipiti katika mafuta ya utando. Huhitaji mlango. Mlango mmoja mkubwa kupita yote una desturi ya ajabu: haufunguki kwa sodiamu peke yake, wala kwa sukari peke yake. Una bawabu ambaye humkubali mgeni aitwaye glukosi, yaani sukari ya damu, akiwa ameandamana na sodiamu wawili. Wakija pamoja, mlango hugeuka na wote huingia. Sodiamu ikishuka kwenda mahali ilipo chache huivuta sukari pamoja nayo, na maji hufuata nyuma. Jambo hili lilielezwa kwanza na Mmarekani Robert Crane katika mkutano wa wataalamu uliofanyika Prague mwaka 1960. Siku ile lilionekana kuwa habari ya maabara tu.

Sumu ya kipindupindu

Kipindupindu huonyesha jambo hili kwa uwazi kuliko ugonjwa wowote. Kijidudu chake hakiingii katika damu wala hakili nyama ya utumbo. Hukaa juu ya ukuta na kutoa sumu, ambayo S. N. De, daktari wa Calcutta, alithibitisha kuwapo kwake mwaka 1959. Sumu hiyo huzifanya seli za utumbo kufungua milango ya kloridi, ambayo ni sehemu ya pili ya chumvi, na kuiacha wazi. Kloridi humiminika ndani ya utumbo, sodiamu huifuata, na maji hufuata chumvi. Mgonjwa mtu mzima, akizidiwa sana, aweza kupoteza lita nzima kwa saa moja. Macho huingia ndani, ngozi hukunjamana, mapigo ya mshipa hufifia, na kwa kukosa msaada aweza kufa siku ile ile aliyoanza kuugua.

Habari ya kuokoa ni hii: sumu hufungua mlango wa kutokea, lakini haiharibu ule mlango wa sukari na sodiamu. Huo wabaki mzima. Maji matupu yakinywewa hukuta chumvi imekwisha kutoka, hayana cha kufuata, na mengi yake hupita moja kwa moja. Maji ya chumvi peke yake hukosa sukari ya kufungulia. Vikiwa pamoja, bawabu hufungua, na ingawa mgonjwa aendelea kuhara kwa siku mbili tatu, yaingiayo yaweza kushinda yatokayo.

Madaktari walichelewa sana kufikia hapo. Mwaka 1832, kipindupindu kilipokuwa kikienea Uingereza na Skotlandi, daktari Thomas Latta wa Leith aliwatia wagonjwa maji ya chumvi katika mshipa, na baadhi yao waliokuwa karibu kukata roho waliamka. Ilikuwa kazi ya ushujaa, lakini miaka mingi ilipita kabla ya kuwa desturi, na hata ilipokuwa desturi ilihitaji chupa, sindano, maji yaliyosafishwa kabisa na mikono yenye ujuzi. Vitu hivyo havipatikani kijijini usiku wa manane.

Mwaka 1968 huko Dhaka, mji uliokuwa wakati ule katika Pakistan ya Mashariki, David Nalin na Richard Cash waliwapa wagonjwa wa kipindupindu maji ya chumvi na glukosi kwa kinywa, wakapima kila kilichoingia na kila kilichotoka. Haja ya chupa za mshipani ilipungua kwa sehemu kubwa. Hata hivyo, madaktari wengi hawakuamini ya kuwa dawa iliyo rahisi hivi yaweza kuaminiwa mikononi mwa watu wasio waganga.

Vita ndivyo vilivyowalazimisha. Mwaka 1971 mamilioni ya wakimbizi walivuka kutoka Pakistan ya Mashariki kuingia India, na kipindupindu kikazuka katika kambi zao. Huko Bangaon, karibu na mpaka, daktari Dilip Mahalanabis alikuta wagonjwa wamelala sakafuni wamejazana, na chupa za mshipani zimekaribia kwisha. Akaamuru chumvi, glukosi na magadi ya kuokea vichanganywe kwa kipimo na kutiwa katika mapipa yenye bomba, na jamaa za wagonjwa wakapewa vikombe na kufundishwa kunywesha. Hapo kwanza karibu wagonjwa 30 katika kila 100 walikuwa wakifa. Kati ya wale waliotunzwa kwa njia hii walikufa wasiozidi 4 katika kila 100. Walionywesha walikuwa mama, baba, kaka na dada za wagonjwa.

Nchi hiyo ilipokwisha kuwa Bangladesh, chama cha BRAC kilianza mwaka 1980 kupeleka walimu wa kike nyumba kwa nyumba, kuwafundisha kina mama kuchanganya dawa hiyo kwa chumvi iliyochotwa kwa vidole vitatu na sukari ya miwa konzi moja. Kufikia mwaka 1990 walikuwa wamefika katika nyumba zaidi ya milioni 12. Sukari waliyotumia huitwa kwao "gur", na wasomaji wa Nyanza na wa pwani watalitambua jina hilo mara moja, kwa kuwa ndiyo sukari guru iuzwayo katika masoko yao.

Kipimo, na kwa nini kisipotoshwe

Hapa Kenya pakiti za dawa hiyo hupatikana katika zahanati na maduka ya dawa, na jina lake hufupishwa kuwa ORS. Kwa kipimo kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2002, lita moja huwa na chumvi gramu 2.6, glukosi gramu 13.5, kloridi ya potasiamu gramu 1.5 na sitrati gramu 2.9. Kipimo cha zamani kilikuwa kikali zaidi. Kilipunguzwa kwa sababu majaribio yalionyesha ya kuwa mchanganyiko mwepesi huwapunguzia watoto kutapika na wingi wa choo. Jambo la kuangaliwa sana: pakiti nyingine zimekusudiwa kutiwa katika lita moja, na nyingine katika nusu lita. Hapana budi kusoma maandishi, au kumwomba ajuaye kusoma, kabla ya kupasua pakiti.

Pakiti zikikosekana kabisa, hutumika vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa juu kwa kisu, katika lita moja ya maji safi. Maji huchemshwa kwanza na kupozwa, kisha ndipo vitiwe vitu hivyo. Mchanganyiko ukikwisha kufanywa hauchemshwi tena.

Baadhi ya watu hufikiri ya kuwa ikiwa kidogo chafaa, kingi chafaa zaidi. Aliyefahamu habari ya kiazi na kachumbari ataona kosa lao. Chumvi ikizidi, damu ya mtoto huwa na chumvi nyingi, maji hutoka katika seli za ubongo, na mtoto aweza kushikwa na degedege. Sukari ikizidi, yale yaliyomo ndani ya utumbo huwa mazito kuliko damu, na maji huvutwa kutoka mwilini kwenda utumboni, yaani kinyume cha yaliyotakiwa. Ndiyo sababu soda, ambayo kwa kawaida huwa na sukari ya kama gramu 100 katika lita na karibu haina chumvi, si kinywaji cha mtoto aharaye, hata akiililia.

Mtoto wa chini ya miaka 2 hupewa kiasi cha robo kikombe hadi nusu kikombe kila baada ya choo cha maji. Wa miaka 2 hadi 10 hupewa nusu kikombe hadi kikombe kizima. Mkubwa hunywa kadiri awezavyo. Mdogo hunyweshwa kwa kijiko au kwa mafunda madogo ya kikombe. Akitapika, mama angoje dakika 10, kisha aanze tena polepole zaidi. Kunyonyesha kusikatizwe hata kidogo, wala mtoto alaye chakula asinyimwe chakula. Zahanati humpa pia vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14, miligramu 20 kwa siku, na nusu yake kwa mtoto wa chini ya miezi 6.

Dawa hii haiui kijidudu, wala haizuii choo mara moja, na kwa sababu hiyo wengine huiacha siku ya kwanza wakidhani haifai. Kazi yake ni kurudisha maji wakati mwili unapojipigania. Lakini mtoto ambaye hawezi kunywa, au amelegea na kusinzia asiamke vizuri, au macho yake yameingia ndani sana, au ngozi ya tumbo ikifinywa hukawia kurudi, au choo chake kina damu, apelekwe hospitali bila kungoja, huku akinyweshwa njiani ikiwa aweza kumeza. Wakati huo hata mlango wa sukari na sodiamu hautoshi. Maji ya mshipani ndiyo yahitajiwayo.

Kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani iliyotolewa mwaka 2024, ugonjwa wa kuhara ulikuwa ukiua watoto zaidi ya 400,000 wa chini ya miaka 5 kila mwaka duniani. Kipindupindu nacho kimerudi Kenya mara nyingi, na mlipuko ulioanza Oktoba 2022 ulienea katika kaunti nyingi, za ukame na za mijini.

Mchanganyiko uliotengenezwa asubuhi hufunikwa na kuwekwa mahali pa baridi. Ukifika asubuhi ya pili humwagwa, hata ukiwa umebaki mwingi, kwa kuwa vijidudu huweza kuzaana ndani yake, na mwingine hutengenezwa upya kwa kipimo kile kile.